Oili ya Kumnyamazisha Morisi

Jumatano, 7 Julai 1976
Dominika amekubali! Jumatatu nitampeleka mama yake hospitali mjini Moshi, akapasuliwe jicho. Filemon naye alijitolea, na pikapu yake ya ndizi. Kakataliwa. Dominika ni mjane, mimi mgane. Filemon hajaoa, na anawaza ninachowaza. Sharti ni moja: mama hapendi kelele. Na Morisi yangu, gari la tangu enzi za Mwingereza, inagonga kama watu wanaotwanga mahindi.

Alhamisi, 8 Julai
Kwa fundi Surjit. Kasikiliza injini, kasema imechakaa. Niweke oili namba arobaini, niende taratibu, kelele nizivumilie. Nizivumilie! Mimi nataka kuoa. Nikapitia sokoni Kiboriloni, nikapata oili ya gia, nzito kama asali. Nimeijaza kwenye injini. Kimya! Nikavua kofia.

Jumapili, 11 Julai
Baada ya Misa nimemrudisha Dominika kwao. Kasema gari limetulia kama la askofu. Filemon nyuma yetu, anakula vumbi.

Jumatatu, 12 Julai
Baridi ya kwetu Kibosho, huku mlimani. Oili imeganda, gari haliwaki. Nikasukuma jiko la mkaa chini ya injini. Dominika, aliyefika na mama yake, akauliza kama napika. Likawaka, tukateremka. Kabla ya daraja, harufu ya kuungua, kishindo, kwisha. Injini imekufa. Nikatoa gia. Gari likaserereka lenyewe mteremko mzima. Mama, macho yamejaa ukungu, akanishika bega: "Mwanangu, hili gari linakwenda kama wingu." Nikamjibu asante mama.

Penye tambarare tukasimama. Filemon akatokea. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akambeba mama mikononi, akamkalisha mbele ndani ya pikapu. Dominika akapanda juu ya ndizi. Hakunitazama.

Ijumaa, 16 Julai
Mama anaona! Nimekwenda kumwamkia. Nikamkuta Filemon keshakaa, kikombe mkononi. Mama kanitazama sana, kasema alinidhania kijana zaidi. Kisha akatamka, mbele ya Filemon, kwamba tangu azaliwe hajapanda gari tulivu kama langu. Dominika akainamisha uso. Nadhani alitabasamu.

Surjit anasema oili ilikuwa nzito mno, haikuzunguka, ndiyo iliyoua injini. Lakini Surjit hakuwamo garini. Nikipata injini nyingine, nitatafuta oili nzito kuliko ile.