Kamusi ya Mikono Mitupu

Jumatatu, 3 Juni 2024. Kigera, Musoma.

Miaka arobaini na moja, mwezi mmoja na siku kumi na mbili tangu niondoke Mara kwenda Morogoro kusahihisha prufu kwa wiki sita. Nimerudi mara tatu tu, zote kwa misiba. Hii ya nne ni ya furaha. Sina uzoefu.

Nilifika jana. Dada yangu Wegesa alinitazama mikono kabla ya uso. Nilikuwa na begi dogo na mwavuli.

Jumamosi ni send-off ya binti yake, Dorah. Kwetu bibi harusi huketi kwenye kigoda, na hanyanyuki mpaka mjomba wake, wa tumbo moja na mama yake, amfunike blanketi mabegani. Mjomba wa namna hiyo ni mmoja. Mimi. Blanketi nililinunua Aprili, nikaliweka juu ya kiti kilicho mlangoni ili nisilisahau. Liko pale mpaka sasa. Morogoro!

Isingekuwa kitu kama si historia. Dorah alipobatizwa niliandika barua kwamba zawadi iko njiani. Ana miaka ishirini na minane. Alipopata kipaimara nilituma bahasha nzuri sana, nikasahau kutia kitu ndani. Mahafali yake ya chuo yalifanyika Morogoro, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Niliandika jina langu kwenye kadi ya ndugu yetu Florian, chini ya la Florian.

Kwa kila kosa nimetunga neno. Kosa lenye jina huonekana kama fani. Zawanjia: zawadi iliyo njiani milele. Bahashahewa: bahasha iliyofungwa vizuri, ndani pumzi ya mtoaji. Kudandizawa: kupanda mgongoni mwa zawadi ya mwenzako. Ninayo thelathini na moja, katika daftari gumu, kwa mpangilio wa alfabeti.

Jioni nikamdokeza Wegesa kwamba kamusi nayo ni zawadi. Akasema mtoto hafunikwi karatasi. Wazee wameshakubaliana: nikija mikono mitupu, atafunika Florian, ndugu yetu wa baba mmoja na mama mwingine. Na kama ni Florian leo, itakuwa Florian siku zote.

"Kaka," akasema, "wewe unasahauga kila kitu isipokuwa maneno."

Jumanne, 4 Juni. Bunda.

Mpango wa kwanza. Kununua blanketi Bunda, maana Musoma wauza blanketi wote wanasali na Wegesa. Mpango safi. Nilisahau jambo moja: Florian anaishi Bunda, na anauza blanketi.

Aliniona mimi kabla sijamwona yeye. Akanikalisha, akaagiza chai, akauliza kama natafuta kitu. Nikasema napunga upepo. Akasema kutoka Musoma mpaka Bunda ni upepo wa mbali. Nyuma yake blanketi zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Ningeweza kununua moja na mambo yakaisha. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema ninalo langu, zito, lenye historia.

Akasema atafurahi kuliona.

Chai yake ilikuwa nzuri. Hilo nalo limeniudhi.

Jumatano, 5 Juni. Butiama.

Kama nimeahidi historia, basi historia itafutwe. Mama mdogo Wankyo, mdogo wa marehemu mama, analo blanketi ambalo mjomba Mugeta alimfunika Wegesa mwaka 1989. Sherehe hiyo sikuhudhuria. Tulikuwa tunafunga toleo la kitabu cha hesabu.

Nilimkuta anachambua maharage. Sikumletea hata sukari. Nikamweleza shida yangu, kisha nikamsomea kamusi ili kulainisha. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema Butiama nzima ina bahashahewa, ila walikuwa hawajui jina lake. Nilijisikia mwandishi.

Kisha akauliza:

"Na anayesahau kujileta mwenyewe, huyo umemtungia neno gani?"

Nikafungua daftari. Nikapekua. Sikuwa nalo. Akarudia maharage yake.

Blanketi akanipa, limefungwa ndani ya kanga. Sharti moja. "Jumatatu linarudi hapa, na wewe ndiye umelishika. Nisione mtu mwingine."

Nikaapa.

Alhamisi, 6 Juni. Kigera.

Blanketi lina harufu ya moshi wa miaka thelathini na tano. Nikalifua. Uani kamba zote zimejaa nguo za wageni. Nje ya ua, jirani Agness ana nyavu zake za kuanikia dagaa, na mmoja ulionekana mtupu. Nikatandaza.

Haukuwa mtupu. Dagaa walikuwa wadogo na macho yangu ni ya msahihishaji mstaafu.

Agness ameniambia mambo ambayo sitayaandika. Aliuliza huko Morogoro watu wanakula nini, mpaka mtu mzima asiwajue dagaa. Blanketi sasa halinuki moshi. Linanuka ziwa lote mpaka kisiwa cha Rukuba. Paka watatu wamenifuata ndani.

Ijumaa, 7 Juni.

Nimelifua tena, mara mbili. Afadhali. Wegesa hataki lilale chumbani, kwa hiyo nimeliweka juu ya kiti kilicho mlangoni, lipigwe na upepo. Pale sitalisahau.

Mpango wa kesho: nisome kamusi kwanza, ukumbi ucheke, kisha nifunike. Florian atakosa hata la kusema.

Jumamosi, 8 Juni.

Msema chochote wa sherehe, kijana Mseti, akanipa kipaza sauti saa tisa kamili. Nikasoma. Zawanjia, wakacheka. Kudandizawa, wakacheka zaidi. Nilipofika bahashahewa, Mseti akalipenda neno akaanza kutembea katikati ya meza akiinua bahasha za watu kwenye mwanga wa dirisha. Kicheko kikapungua. Mzee mmoja kutoka Kiriba akairudisha bahasha yake mfukoni. Meza nzima ikamfuata.

Muziki wa zawadi ukapigwa. Watu wanne tu ndio waliocheza kwenda mbele. Wegesa alinitazama kwa namna ambayo hata mimi sina neno lake.

Nikaweka daftari mfuko wa koti, nikatangaza kwamba sasa mjomba anafunika. Nikageuka kuchukua blanketi.

Liko juu ya kiti. Mlangoni. Kigera.

Dorah kwenye kigoda, mikono magotini, haruhusiwi kunyanyuka. Florian akasimama na blanketi jipya, bado lina nailoni yake. Hakutabasamu. Ningependa angetabasamu. Wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Dorah akasema, bila kupaza sauti:

"Mjomba, vua koti."

Nikavua. Nikamfunika mabegani. Akanyanyuka. Vigelegele! Florian akaketi na blanketi lake mapajani.

Dorah ameondoka na koti, na daftari ndani yake. Kwa hiyo kamusi imetolewa. Nilisema toka Jumatatu kwamba ni zawadi.

Jumatatu, 10 Juni. Ndani ya basi, baada ya Singida.

Ilikuwa niende Butiama asubuhi. Lakini basi la Morogoro linaondoka alfajiri, tiketi nilikata zamani, na kuahirisha ni usumbufu. Nilipanga kumwachia Wegesa blanketi alipeleke. Safari hii sikulisahau. Nililibeba kwa uangalifu mkubwa, na nimelikuta begini tulipopita Nzega.

Singida ni baridi mwezi Juni, na koti sina. Nimejifunika. Jirani yangu wa kiti anauliza nani kapakia dagaa.

Nimemwandikia mama mdogo ujumbe kupitia simu ya mjukuu wake: blanketi liko njiani.

Nimenunua daftari jipya stendi. Toleo la pili litakuwa na maneno hamsini, na Dorah akipata mtoto nitalisoma kwenye ubatizo, kwa simu. Ukurasa wa kwanza nimeliachia nafasi lile neno aliloniuliza mama mdogo. Nimejaribu kumi na moja. Hakuna linalokaa.

Sitarudi Mara.