Viti Kumi na Kimoja na Koti la Ujerumani

Jumatatu, 8 Septemba

Barua imefika! Ujerumani! Wanaandaa maonyesho ya vyuo vya zamani vya usanifu, vile vya majengo ya mraba, mapaa bapa na viti visivyo na nakshi hata moja. Wanataka kiti kimoja kutoka chuo chetu cha Ilembo. Kiti kimoja, na mtu mmoja wa kukisindikiza. Mtu huyo atapanda ndege. Mimi, Nyanda Luhende, katibu msaidizi wa Taasisi ya Urithi wa Chuo cha Usanifu, miaka kumi na moja kazini, ndege nimeiona kwa chini tu.

Barua ina kurasa mbili. Nimesoma ya kwanza, yenye ndege. Ya pili ni masharti matupu, nimemwachia Specioza.

Specioza! Mtunza kumbukumbu wetu. Anavaa glovu kufungua daftari. Chuo kilifungwa mwaka 1985, lakini ukimsikiliza utadhani wanafunzi wametoka kunywa chai, watarudi sasa hivi. Na anajiona yuko ndani ya ndege tayari.

Mama Pudensiana, mwenyekiti wa bodi, amesema wageni wawili, kwa niaba ya waandaaji wa maonyesho, watakuja Jumamosi kuchagua kiti, halafu bodi itapiga kura nani aende nacho. Wajumbe ni watano. Nahitaji watatu.

Wakati wa kurudi nimepita kwenye mitumba, nikachukua koti jeusi zito. Mke wangu Esteria ameuliza kama naumwa.

Jumanne, 9 Septemba

Bahati imekuja na mkokoteni wa ng'ombe. Mzee Mwandu wa Mwamkulu, mjumbe wa bodi, amefiwa na shangazi yake. Watu ni wengi, viti havitoshi. Ameomba vile kumi na kimoja vya chumba cha maonyesho.

Specioza amempa pole, halafu amemkatalia. Eti urithi haukaliwi. Mzee wa watu na msiba wake! Nimemfuata nje, nikamnong'oneza kwamba kesho Specioza ana semina mjini, na funguo ninazo mimi. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Kura ya kwanza hiyo.

Jumatano, 10 Septemba

Viti vimeondoka. Lakini mimi si mjinga. Nani hajui mambo ya viti msibani? Vya kanisa, vya jirani, vya baa, vyote vinachanganyika, na siku ya kutawanya matanga kila mtu anabeba chochote. Ndiyo maana kila nyumba ina alama yake ya rangi chini ya kiti. Vyetu havikuwa nayo. Taasisi nzima ya umma, miaka yote hiyo, hakuna aliyefikiria jambo dogo kama hilo!

Nimetumia rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti. Chini ya kila kiti, N.L., herufi kubwa. Pale katikati palikuwa na vitu vimeungua ungua, vichafu. Kwanza nimevipiga msasa, ili rangi ishike. Kazi safi sana. Nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, 11 Septemba

Viti vimerudi, kumi na kimoja, hakuna hata kimoja kilichopotea. Mzee Mwandu amesema hajawahi kuona alama inayoonekana vizuri namna ile.

Furaha yangu imedumu mpaka saa nne. Specioza amekuja na ukurasa wa pili. Sharti la kwanza: kiti kiwe na namba ya mwanafunzi aliyekitengeneza, iliyochomwa kwa moto chini yake, ilingane na daftari la karakana.

Namba. Iliyochomwa kwa moto. Chini yake.

Amepindua kiti cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Ameuliza N.L. ni nani. Nimesema labda ni mwanafunzi wa zamani. Amenusa kidole chake, akasema mwanafunzi huyo bado hajakauka. Akaenda kukaa chumba cha daftari, akafunga mlango. Afadhali angenitukana. Na kwa nini sharti la kwanza liandikwe ukurasa wa pili? Wazungu nao!

Ijumaa, 12 Septemba

Sijakata tamaa. Kilichochomwa kinaweza kuchomwa tena. Specioza alipokwenda kula nimechungulia daftari la karakana, nikanakili namba zote kumi na moja za viti vyetu kwenye kiganja. Nikawasha jiko la mkaa nyuma ya karakana, nikatia msumari wa inchi sita.

Hakuna aliyeniambia kwamba rangi ya mafuta inashika moto. Kiti kimoja kimepata doa jeusi la ukubwa wa chapati. Kiganja kimetoka jasho, namba mbili zimefutika, nikakisia. Esteria amesema nanuka kama tanuru. Lakini namba zipo!

Jumamosi, 13 Septemba

Nimevaa koti. Ilikuwa makosa. Saa tano jua lilikuwa limesimama juu ya Ilembo na mimi natiririka.

Wageni, Bwana Makarius na Bi. Dina kutoka Dar, wameanza kwa kusifu madirisha. Halafu Bi. Dina akapindua kiti. Ishirini na saba. Akapindua kingine. Ishirini na saba. Akapitisha kidole, kikatoka na masizi. Mama Pudensiana akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya chuo kile ni zege tupu.

Hapo pikipiki ikafika, imembeba Mama Séverine wa Katumba. Alisoma useremala hapa akiwa msichana, Specioza alimwalika aje kusalimia wageni. Nyuma amefunga kiti. Akasema yeye shughuli yoyote huenda na kiti chake, vya watu vinamuumiza mgongo. Bwana Makarius akaomba kukipindua. Namba thelathini na moja, ya moto, safi kabisa. Pembeni yake nukta ya kijani, alama ya nyumba yake, na juu yake nyingine, na nyingine, misiba na harusi za miaka arobaini. Bi. Dina alikaribia kulia. Akasema chuo kilifundisha kila kitu kiwe na kazi, na hiki ndicho kiti kilichofanya kazi. Daftari likafunguliwa. Thelathini na moja, Séverine. Kimechaguliwa.

Mama Séverine akakubali, ila kirudi. Halafu akauliza kama kiti cha kaka yake, marehemu Dieudonne, kimo humu. Namba kumi na mbili. Walikuwa meza moja karakana. Alisikia kimehifadhiwa, hajawahi kukiona tangu chuo kifungwe.

Akavipindua vyote, kimoja kimoja. Akaniuliza, "Baba, nyie viti mmevifanyaje?" Akaanza kuvikalia. Kwenye cha nane alikaa muda mrefu, ameshika mbao kwa mikono miwili. Akasema labda ni hiki. Akasema hana hakika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitoka nje. Nikakaa na aibu hiyo kama dakika tano.

Kura: Specioza, tano. Tano! Mzee Mwandu naye! Amesema ananishukuru sana kwa viti, lakini mtu mkarimu hivyo kwa mali isiyo yake, yeye hawezi kumkabidhi kiti cha mama wa watu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelala, nimefikiri. Bi. Dina alikaribia kulia kwa sababu ya nini? Alama ya rangi! Nani katika taasisi hii aliyetia alama za rangi? Mimi peke yangu. Wazo lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba rangi yangu bado mpya. Baada ya miaka arobaini watanishukuru, na mimi sitakuwepo kuwacheka.

Specioza amepita baada ya misa. Kwa adabu, lazima niseme. Ameomba kuazima koti, maana safari ni wiki ijayo na hana. Roho imeniuma, lakini nimekubali. Mimi si mtu wa kinyongo. Atalichukua kesho asubuhi.

Ila nimewaza. Huko Ujerumani kila mtu ana koti, na yote meusi. Yakitundikwa pamoja, nani atajua langu? Ndani ya kola hapafai, hapaonekani. Rangi imebaki nusu kopo. N.L., mgongoni, kutoka bega hadi bega.

Kwanza nimelipiga msasa, ili rangi ishike.