Chembe za Waridi Katika Maji ya Figo

Jumatatu, 4 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Miezi mitatu kimya. Nilikuwa nikisahihisha matangazo ya hospitali, nayo hayakuwa haba.

Msimamizi wa chumba cha kuchujia anastaafu. Humu ndimo maji ya kuhifadhia figo za kupandikiza hupitishwa kichujioni, chembe zisije zikaziba mishipa. Kiti chake tunakitaka wawili: mimi, na fundi mwenzangu tunayemwita Utulivu, ambaye huandika kwenye lebo, kwa penseli, «Maji haya imechujwa». Imechujwa! Nimefuta lebo kumi na nane papo hapo, kando ya mtungi ulio wazi. Nimeandika «yamechujwa». Nikalala vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Ajabu. Kichujio kimenasa chembe za rangi ya waridi. Maji yote yamemwagwa. Nimezikodolea macho kwa hadubini asubuhi nzima: laini, zimejikunja kama minyoo. Si damu. Si kutu. Ni nini basi?

Kitambaa cha kichwani cha Utulivu ni cha waridi. Nikamdokezea msimamizi. Akasema nisiwe mwepesi wa kunyoosha kidole. Nikasema dalili ya mvua ni mawingu.

Jumatano, 6 Machi

Utulivu amekuja na kitambaa cheusi. Chembe zimeongezeka. Sielewi, na kutoelewa kunaniwasha kama upupu. Nilipokuwa nikitafakari, nilisahihisha daftari lake lote pale pale mtungini. Kurasa tisa za makosa.

Alhamisi, 7 Machi

Utulivu aliniomba kifutio changu. Kwa adabu: Baba, naomba mara moja. Akakisugua juu ya kipande cha kioo, akaweka kioo hicho chini ya hadubini, akamwita msimamizi. Waridi. Laini. Zimejikunja. Pacha wa zile za kichujioni.

Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba figo haisomi sarufi. Msimamizi alikohoa muda mrefu mno kwa mtu asiye na mafua.

Ijumaa, 8 Machi

Taarifa ya Utulivu kwa kamati itakayochagua msimamizi mpya imepita mezani kwangu. Inasema: «Chembe hizi imetoka kwenye kifutio cha Mzee». Imetoka! Kamati isome hivyo, itufikirieje?

Nimeandika «zimetoka». Nimetumia kifutio kipya, cheupe. Cheupe hakionekani majini.

Kamati inakaa Jumatatu. Ikishaamua, nitakuandikia.