Kiti cha Bibi Borghild

Jumatano, 14 Mei, Kristiansund

Chini ya ghuba leo raha tupu! Baridi ya kukata masikio, lakini raha. Nimerudi na vazi la kuzamia, mapezi, glavu, vyote vinachuruzika maji. Jirani yangu Jostein hubeba vyake ndani ya beseni. Akaniambia, "Eldar bwana, utalia. Nunua beseni." Ninunue ili yeye acheke? Thubutu! Nimeliketisha vazi kiti cha mbele, juu ya mfuko wa takataka, nikalifunga mkanda. Gari ni la mke wangu, Gunnvor. Hatajua.

Alhamisi, 15 Mei

Amejua. Mfuko ulikuwa umetoboka. Amekaa, akaruka. Kasema Jumamosi, sikukuu ya taifa, bibi yake atakalia kiti kile na vazi lake la sufu alilolidarizi mwenyewe usichanani mwake. Likiharibika, mimi na bahari basi. Basi kabisa! Nimeumia. Nikamwambia nina mpango. Akashika kichwa.

Ijumaa, 16 Mei

Mpango: washa kipasha joto kilichomo kitini, funga madirisha, acha kutwa nzima. Akili ya kuzaliwa! Jioni nikafungua mlango. Mama yangu! Chini ya kiti nilisahau wavu wa kome niliowachuma Jumatano. Wameiva. Jostein akapita na mbwa wake. Mbwa akagoma kuondoka. Jostein akauliza supu bakuli ni krona ngapi. Mshenzi! Kiti, hata hivyo, kimekauka. Yaani, karibu kukauka.

Jumamosi, 17 Mei

Matarumbeta ya watoto, bendera kila mahali. Bibi Borghild kaketi na sufu yake na bizimu za fedha. Akanusa. Akanusa tena. Mimi jasho. Akasema gari linanuka kama marehemu mumewe akitoka kuvua, na hajamsikia karibu hivi tangu amzike. Akakataza madirisha kufunguliwa. Gunnvor akalia, akanishika mkono. Nampenda mwanamke huyu! Bibi aliposhuka, sketi ilikuwa na duara la maji nyuma. Akasema sufu imeshaona mvua kubwa kuliko hiyo. Nimesamehewa!

Jumapili, 18 Mei

Nimewaza sana. Watu hawajui kipaji changu. Kesho kutwa tunambeba mama mkwe, naye mjane. Marehemu mumewe alikuwa mwoka mikate. Donge la unga na hamira liko tayari kitini. Joto nimeliweka la mwisho.