Jogoo wa Kilemba Kipana

Jumatatu, 2 Juni

Mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Ganze. Bado niko Navakholo kwa Mama Jael, nalima mahindi yake na kulisha kuku wake. Mgongo unauma.

Leo mayai yote yameoza. Mtetea ameyalalia muda wote unaotakiwa, na hakutoka hata kifaranga mmoja. Harufu ilifika barabarani. Mama Jael alishika pua, akaniuliza kama nina maelezo. Nilisema ninayo, lakini bado nayachunguza.

Jambo hili ni langu pia. Kideri kilimaliza kuku wote wa mke wangu Dama, nami nilimwahidi kurudi na vifaranga. Mama Jael amekubali nusu ya watakaoanguliwa wawe wangu, kwa sababu jogoo nilimchagulia mimi, na mitetea watatu pia, wote kutoka boma moja. Nilivipenda vilemba vyao. Si vya meno kama msumeno. Ni vipana, vimelala kichwani, vina vinundu vyekundu. Jogoo nimemwita Chifu.

Namshuku Erastus. Ndiye mkamuaji wa hapa, mtu wa Musanda, na ana jogoo wake mwenyewe. Jogoo gani? Mwembamba, kilemba cha meno, shingo uchi bila unyoya hata mmoja. Mwenye jogoo kama huyo lazima awe na wivu.

Jumatano, 4 Juni

Mtetea wa pili ameanza kulalia. Nimechora msalaba wa makaa kwenye kila yai. Erastus akiyabadilisha, nitajua.

Aliniona. Akauliza kama nayabatiza. Nikamjibu kwamba wenye dhambi wanajijua. Alicheka muda mrefu kuliko mtu asiye na hatia.

Jumamosi, 7 Juni

Misalaba yote ipo. Kwa hiyo habadilishi mayai. Anafyonza uhai kwa sindano. Nimeiona, ndefu, imechomekwa ukutani karibu na kitanda chake. Nikaichukua na kuitupa chooni.

Alasiri lori likaja kuchukua mahindi ya mwaka jana. Magunia hayajashonwa. Kumbe sindano ilikuwa ya magunia, tena ya Mama Jael. Nimetoboa magunia kwa msumari na kupitisha kamba mpaka vidole vikavimba. Erastus alikalia ndoo, akawa ananiambia, "Pole, ndugu yangu." Pole ya nini, kama hajui lolote?

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja Maurine, afisa wa mifugo, kumtibu ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba. Mama Jael akamwomba atazame na mayai. Tulifunga mlango wa jikoni, akayamulika kwa tochi ya simu. Kila yai liliwaka kama balbu, tupu. Hakuna hata mshipa mmoja wa damu. Alisema hakuna aliyeyaharibu. Hayakuwahi kupata mbegu.

Nikamwuliza kuhusu sindano. Alinitazama kidogo, akasema hapana.

Kisha akamshika Chifu, akamgeuza kichwa. Akauliza baba yake alikuwa na kilemba gani. Nikasema hiki hiki, kwa fahari. Na mama yake? Hiki hiki. Akashusha pumzi.

Ati kilemba kipana hurithiwa. Jogoo akikipokea kwa baba na kwa mama, mara nyingi mbegu zake huwa goigoi, haziogelei vizuri. Akikipokea kwa mzazi mmoja tu, hana shida. Mitetea hakiwadhuru. Tena mitetea hawa watazaa vifaranga wa kilemba kipana hata wakipata jogoo wa kilemba cha meno.

Nilisikiliza kwa adabu. Nikamweleza kwamba Chifu hupanda mitetea asubuhi, mchana na jioni, mimi ni shahidi. Erastus akadakia, "Anapandanga tu, ndugu yangu, lakini havunangi." Mama Jael alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nina watoto wanne. Najua kazi ya dume. Ninachotaka kujua ni Maurine na Erastus walifahamiana lini.

Jumatatu, 16 Juni

Chifu amefungiwa peke yake nyuma ya ghala. Shingo uchi ameingizwa kwa mitetea. Erastus alivaa shati safi, kama anayeoza mwana.

Chifu hawiki. Nimempelekea mchwa. Hakula mpaka nilipoketi naye.

Alhamisi, 24 Julai

Wameanguliwa kumi na wawili. Niliwakagua mmoja mmoja mpaka mama yao akanidonoa. Vilemba vipana, wote. Wote!

Niliwaita watu. Nikatangaza kwamba hii ni damu ya Chifu, bila shaka amepitia kwenye ufa wa ukuta. Mama Jael akanionyesha shingo. Saba ziko uchi. Nikasema hayo ni mambo ya joto la kulaliwa. Erastus akauliza kama joto lilipiga kura, maana limewaacha watano. Wivu ule ule.

Mama Jael amesema sita ni wangu, nichague. Pia amesema Jumapili wakwe zake wanakuja, na Chifu ataingia sufuriani. Wakwe hawapewi mboga.

Sikula chakula cha jioni.

Jumamosi, 26 Julai

Mambo yamekwisha vizuri. Nimempa Erastus vifaranga wangu sita. Yeye ametoa shingo uchi apikwe badala ya Chifu. Chifu sasa ni wangu. Mama Jael aliniuliza mara mbili kama nina homa, kisha akaniongezea mtetea mmoja kwa huruma. Nimechagua dada yake Chifu, mwenye kilemba kile kile, damu isichafuke.

Erastus alikubali kabla sijamaliza kusema. Hilo limenitia shaka. Nimemkagua Chifu mpaka kucha za miguu. Hajabadilishwa.

Nimempigia Dama simu. Nimemwagiza azibe kila tundu la banda na kufukuza majogoo wote wa majirani. Akauliza, na vifaranga je? Nikamwambia nakuja na baba yao. Akakata simu, nadhani kwa furaha.

Nafika Ganze Jumamosi, tarehe 2 Agosti, kabla ya adhuhuri. Viota kumi viwe tayari.