Ng'ombe Alipanda, Mimi Sikuinama

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Chepngetich, umepotelea wapi? Najua ni wewe unayesoma daftari hili nikitoka kuangalia kuku. Nililificha chini ya godoro, ukalipata. Nikalitia kwenye debe la unga, ukalipata. Sasa mwezi mzima hujakanyaga hapa! Chepkoilel ni mbali? Ni hapo tu! Nyanya yako anatobolewa mgongo, wewe unatuma picha ya maua kwa simu. Ati pole kogo. Maua ya simu hayanuki.

Basi soma. Nilitobolewa wiki jana, na kesho yake nikaingia nyumbani kwa miguu yangu. Daktari Ooko, kijana mdogo, ndevu zenyewe bado zinabisha hodi, aliingiza kamrija kenye kamera. Akanyofoa kile kinyama cha kati ya mifupa kilichotoka mahali pake kikakanyaga mshipa wa mguu. Ule moto wa kutoka kiunoni hadi kisigino? Umekwisha! Nilipoamka niliutafuta, sikuupata. Kidole gumba cha mguu bado kimelala, lakini hicho hata zamani hakikuwa na kazi.

Shida ni kovu. Dogo kama kifungo cha shati! Akina mama wa kanisa walikuja na unga na sukari, nikawafunulia, wakatazamana. Jebet, mke wa shemeji yangu, akasema hata mwiba wa uani hutoboa zaidi ya hapo. Akaitazama sukari yake kama mtu anayetaka kurudi nayo.

Kisha akatupa jiwe. Kwa sababu mimi ni mgonjwa, maziwa lala ya mursik ya koito yako ataleta yeye! Watu wa kijana waje kukuposa kwangu, wafunguliwe kibuyu cha Jebet? Yale maziwa yake ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe! Nilikubali kutobolewa kwa neno moja tu: siku hiyo nisimame mwenyewe, nimimine mursik yangu kwa mkono wangu. Nisibebwe kama kiti.

Jumatano, 6 Agosti

Daktari alisema wiki sita nisiiname. Ati wengine wakiharakisha, kinyama hutoka tena, wanarudi kutobolewa. Baba yako Dennis anayaimba maneno hayo asubuhi na jioni. Kijiko kikianguka, nikiache.

Leo akamkamua Lelmet mwenyewe. Lelmet akabana maziwa, akatoa kikombe kimoja, akamsindikiza na teke. Ng'ombe huyo anajua mikono yangu tu. Na mursik inataka siku za kulala kibuyuni. Koito ni Jumamosi ya wiki ijayo!

Nimewaza mchana kutwa nikiwa chali. Nimepata! Daktari alinikataza mimi kuinama. Ng'ombe hakumkataza kuinuka.

Jirani Njenga ana kilima cha udongo na mbao nyuma ya stoo, cha kupakilia viazi kwenye lori. Kesho anaenda Ainabkoi na lori lake. Dennis atakuwa kazini. Mungu ana mipango yake, mimi nina yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Lelmet alifuata pumba, akapanda kama bibi arusi. Akasimama katikati ya kilima, kiwele kikanifika kifuani. Nikaweka ndoo juu ya mbao, nikakamua nimesimama wima kama askari! Maziwa yakashuka, povu tele. Nikamcheka Daktari Ooko kwa upendo.

Ndipo Lelmet akasogea mbele. Ndoo ikayumba. Ikaanguka.

Nikaidaka! Karibu na ardhi kabisa. Halikumwagika hata tone. Lakini nilikuwa nimeinama, na kitu kikapita mguuni. Kama stima.

Nikanyooka polepole. Lelmet naye alikuwa kileleni, amekataa kushuka. Njenga akarudi, lori limejaa viazi hadi juu, akauliza kama Mama Dennis amefungua kanisa la ng'ombe. Jebet akasikia kelele, akaja na simu, akapiga picha. Mwishowe Njenga alirudisha lori kinyumenyume, Lelmet akaingia mwenyewe juu ya magunia, akapelekwa hadi njia ya Kaptagat penye ukingo wa kushukia. Alirudi kwa miguu, ameshiba viazi.

Nilichemsha maziwa, yakapoa, nikayamimina kwenye kibuyu changu chenye mkaa wa mti wa senetwet. Kisha nikalala chali nikingoja ule moto. Chepngetich, huo sikuucheka. Miezi saba nilikula nimelala sakafuni. Rafiki yangu alizikwa, nikasikiliza nyimbo zake kupitia dirisha. Niliomba: Bwana, kama ni kurudi, urudi baada ya koito.

Jumanne, 12 Agosti

Kliniki. Daktari Ooko akauliza maumivu ya mguu ni ngapi, toka sifuri hadi kumi. Kabla ya kutobolewa nilisema tisa. Kumi ni ya kumzaa Dennis. Leo nikasema mbili.

Akaniuliza kama nimeinama. Nikasema hapana, ni ndoo iliyoinama, mimi niliifuata. Akacheka? Hakucheka! Aliinua mguu wangu, akaukunja, akaunyoosha, akagonga goti. Nilishika kitanda kwa kucha.

Akasema kinyama hakijatoka. Mshipa ulishtuka tu. Akasema nina bahati, na bahati haidumu wiki sita. Nilimbariki, nikampa mayai. Njia nzima Dennis aliniimbia yale maneno ya kijiko. Jebet alikuwa amemtumia ile picha.

Jumamosi, 16 Agosti

Ulikuwepo, lakini ulikuwa umetazama chini kama ulivyofunzwa, hukuona kila kitu. Nilisimama! Nikatikisa kibuyu, nikamimina, na wazee wa kijana wakanywa, wakakung'uta vikombe. Mzee wao mmoja akasema nyumba yenye mursik kama hii haikosi binti mzuri. Jebet akasema moshi umezidi. Alikunywa vikombe viwili, mwizi huyo. Nikamwongeza cha tatu, maana macho yake yalikuwa na machozi. Na yangu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimetulia. Namtii daktari. Kijiko kimeanguka, nimekiacha.

Ila Jebet amepita akiringa kwamba parachichi zake zitafika sokoni kabla ya zangu. Nikatoka nikatazama mti wangu. Zimekomaa, zote ziko juu kabisa! Nani huinama kuchuma parachichi? Mtu hunyoosha mkono. Tena kunyooka ni dawa.

Sasa wewe, ukija Jumamosi, pitia kwa Njenga uombe ngazi yake ndefu. Ingia nayo kwa mlango wa nyuma, Dennis asione. Na uje na viatu visivyoteleza, vya kunitosha mimi.