Se Moja Yatosha

Jumatatu, 8 Machi 1909
Mvua bado. Mlima Meru umejifunika wingu tangu asubuhi. Habari kubwa: Bibi Pilar wa Lemara anatafuta msimamizi! Ni mjane. Kaburu mmoja alimwoa huko Argentina, akamleta huku, homa ikamchukua. Kabaki na nyumbu kumi na nne wa kukokota magari na hana wa kuongea naye. Sharti lake moja: kila asubuhi msimamizi ampe habari za jana kwa Kihispania. Kazi ina nyumba. Vyumba viwili, bati juu! Mimi nalala nyuma ya duka, kati ya shanga na ngozi, mwaka wa kumi na moja huu, na duka nimelianzisha kwa mikono yangu miwili. Chumba kimoja changu, kimoja cha mama. Nitamleta kutoka Pangani.

Jumanne, 9 Machi
Kihispania anakijua mtu mmoja tu: Lerionka, Mwarusha anayechunga nyumbu wa bibi. Amekiokota kwa masikio. Nimempa tumbaku anifundishe. Hakuuliza ya nini. Mjinga! Kasema mtu akijiinua kitandani, neno linawekewa kidudu mbele. Nikamwambia hiyo ni ji yetu. Nilijiinua, nilijiosha, nilijikata, asinifundishe nilichozaliwa nacho. Kasema sivyo. Nikiinuka mimi ni me levanté. Ukiinuka wewe, te levantaste. Akiinuka yeye, se levantó. Kichwa kinabadilika na mkia unabadilika. Akacheka mpaka akashika mti. Eti Mswahili, unatoka jasho hivyo kwa kuamka tu, kazi utaiweza?

Jumatano, 10 Machi
Nimepiga hesabu. Nafsi sita, maneno ishirini: mia moja na ishirini ya kukariri, na siku zimebaki tatu, Jumamosi bibi ananipima. Hasara tupu. Ji yetu moja inabeba watu wote na haijawahi kulalamika. Nimechagua se. Yeye anaitumia, wao wanaitumia, basi ndiyo imara kuliko zote. Maneno mia nimeyaokoa! Lerionka kanionya kwamba se ni ya mtu mwingine. Nikamjibu bibi ana macho, ataona anayesema ni nani.

Alhamisi, 11 Machi
Neno moja haliniachi. Se fue. Lerionka analisema nyumbu akikata kamba akaenda zake. Ni kujiendea! Nikijiendea mimi, eti me fui. Hata kwao mtu hujiendea. Nimefunga duka mapema.

Siku niliyoondoka Pangani mama alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilisikia meno ya mbuzi, kwaru, kwaru. Msafara ulikuwa unapakia. Nilisema nikimuaga atalia, nikilia naye nitabaki. Nikapita nyuma ya jikoni, nikajiendea zangu. Alikuwa akinikunia mimi. Nazi huku hakuna. Ndizi, ndizi, ndizi. Hata leo mtu akikwaruza sufuria nageuka.

Jumamosi, 13 Machi
Ushindi! Nimesimama barazani kwa Bibi Pilar, kanzu safi. Habari za jana nimezimwaga zote. Se levantó, saa kumi alfajiri. Se lavó, kwa maji baridi. No se cansó, maana sikuchoka. Bibi akauliza ni nani huyo. Nikasema kwa nguvu: se! Akatazama nyuma yangu, zizini, Lerionka alikokuwa anachana nyumbu. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kisha akauliza habari za kwetu. Nikanyoosha mkono kuelekea Pangani. Nikasema mamá, nikasema se fue. Bibi akashika kifua. Machozi! Akatazama mlima, akasema polepole: me fui. Maskini, upweke umemsahaulisha hata lugha yake. Nikamsahihisha kwa adabu: se fue. Akalia zaidi. Kazi ni yangu.

Jumatatu, 15 Machi
Msimamizi ni Lerionka!

Amekuja na kibuyu cha maziwa, kunishukuru. Eti bibi kasema hajawahi kuona mwenye duka mwenye roho kama yangu, kwenda mpaka kwake kumsifu mchungaji: anaamka alfajiri, anaoga, hachoki. Halafu akatoa mshumaa na kitambaa cheusi. Rambirambi za bibi kwa kufiwa na mama yangu, eti kwao se fue ni kufa pia. Mama mzima wa afya! Lerionka akacheka akakaa chini. Alikuwa ameniambia, kasema, lakini mzee wa shanga ana hesabu zake.

Alipomaliza kucheka akasema yeye halali chini ya bati, linapiga kelele, na wake zake wako bomani kwake. Vyumba vyote viwili nichukue. Nimlete mama. Nikanywa maziwa. Bibi akimuona nitasema ni shangazi.

Jumanne, 16 Machi
Mvua imekuja. Nimeandika barua Pangani. Neno nilijiendea halikuandikika. Mara nne nimeanza, mara nne nimechana. Mwisho nikaandika: mama, mwanao alijiendea, alijuta, anakuomba uje. Ikatiririka. Si nilisema? Ya mtu wa tatu inafaa kwa wote.

Bomani kwa Wajerumani wanatafuta mkalimani. Karani wao kaniambia huko kuna mich, dich na sich: ya mimi, ya wewe, ya yeye. Nimeshachagua. Sich.